Mtoto Hajabemendwa, Moyo Wake Umezidiwa

Mtoto ana wiki nane. Akishika titi ananyonya mara chache tu, anaachia, anahema, jasho linamtoka kipajini mpaka nywele zinalowa, kisha anapitiwa na usingizi wa uchovu huku njaa bado anayo. Uzito haupandi. Mbavu zinahesabika. Na kabla hajafikishwa mbele ya mtu yeyote anayeweza kumsikiliza kifua, kesi yake imekwisha kusikilizwa sebuleni na hukumu imetoka: amebemendwa. Mama ametoka nje ya ndoa, au baba ametoka, au wote wawili walishindwa kuvumilia wakarudiana mapema. Mama anashushiwa aibu, mtoto anaogeshwa dawa ya majani, na moyo wenye tundu unaendelea kuzidiwa.

Nasema bila kumung'unya maneno: hukumu hiyo inaua watoto. Inaua kwa kula muda, na kwa mtoto mwenye hitilafu ya moyo ya kuzaliwa muda ndiyo dawa ya kwanza.

Tuelewane kuhusu kinachotokea ndani ya kifua kile. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati unaotenganisha kulia na kushoto. Upande wa kulia husukuma damu kwenda kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huisukuma damu hiyo kwenda mwili mzima. Wapo watoto wanaozaliwa ukuta wa vyumba vya chini ukiwa na tundu. Likiwa dogo, mara nyingi huziba lenyewe mtoto anavyokua, na mzazi akiambiwa hivyo na daktari wa moyo anapaswa kurudi nyumbani akalale, asianze kuuza shamba. Likiwa kubwa, damu iliyotakiwa kwenda mwilini hurudi kwenye mapafu. Mapafu hufurika. Moyo hufanya kazi ya mioyo miwili, na maziwa yote anayonyonya mtoto huteketea kuuendesha moyo huo, kisibaki cha kujenga nyama. Lile jasho analotoka akiwa kwenye titi ni jasho la kazi, kwa sababu katika maisha ya mtoto mchanga hakuna kazi nzito kuliko kunyonya.

Hapa sasa ndipo hasira yangu ilipo. Mtoto wa namna hii hazaliwi akionekana mgonjwa. Siku za mwanzo mishipa ya mapafu yake bado imebana kama ilivyokuwa tumboni, damu haipati njia nyepesi ya kupita kwenye tundu, naye analia vizuri, ananyonya vizuri, anaruhusiwa. Kisha mishipa hulegea taratibu, na kati ya wiki ya 4 na ya 8 mafuriko huanza. Ndugu zangu, ratiba ya chanjo ya Tanzania inamwita mtoto kliniki wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Mara tatu! Katika umri uleule ambao moyo wake unaanza kushindwa, mtoto huyu anabebwa na mama yake, anakaa foleni kwenye benchi la zahanati, anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani, anachomwa sindano, anaandikiwa tarehe ya kurudi, anaondoka. Hakuna aliyemtazama anavyopumua. Hakuna aliyeuliza, "Mama, akinyonya anatoka jasho?"

Simlaumu nesi anayekabili foleni hiyo peke yake tangu asubuhi. Naulaumu utaratibu uliomfundisha kwamba siku ya chanjo ni siku ya sindano. Kadi ya kliniki ina mchoro wa ukuaji, na mstari wa mtoto huyu umelala, kisha umeanza kushuka. Mizani imeona. Kadi imeona. Na jibu analopewa mama ni karipio: humlishi mtoto wako. Nyumbani ameitwa mhuni, kliniki ameitwa mzembe, na kati ya sehemu hizo mbili hakuna aliyeweka mkono juu ya kifua cha mtoto akausikia ule moyo unavyogonga kama unataka kutoka nje.

Halafu inakuja nimonia. Mwongozo wa kutibu watoto unaotumika kwenye zahanati zetu unamtaka mhudumu ahesabu pumzi, na mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja anayekohoa akifikisha pumzi 50 kwa dakika hupewa dawa ya nimonia. Mwongozo huo umeokoa watoto wengi na sitaki mtu auguse kwa ubaya. Lakini mtoto mwenye mafuriko ya mapafu naye anahema haraka, naye anakohoa, na mara nyingi hana homa. Anapewa amoksilini. Anarudi. Anapewa tena. Wakati mwingine nimonia anayo kweli, maana mapafu yaliyojaa damu kupita kiasi hushambuliwa na vijidudu upesi, na hapo ndipo mtego unapokaza: dawa inasaidia kidogo, kila mtu anaridhika, na mwezi unaofuata wanarudi palepale. Ninachotaka ni kanuni moja ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa katika kila zahanati ya nchi hii. Nimonia ya pili kwa mtoto asiyeongezeka uzito ni rufaa ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Asisubiriwe augue ya tatu wala ya nne.

Kikohozi hichohicho kisichoisha ndicho kinachompeleka mtoto kwa mkata kimeo. Nitasema kwa kifupi kwa sababu nikiendelea nitatukana. Kimeo cha mtoto hakina kosa lolote. Mtoto ambaye moyo wake umeshazidiwa anashikwa kichwa, anapasuliwa kooni kwa wembe au kwa kisu cha kupinda, anapoteza damu ambayo hana ya kupoteza, na vijidudu vya kinywani vinapata mlango wa kuingia kwenye damu na kwenda kukaa palepale kwenye hitilafu ya moyo. Wazee wetu wametuachia mengi ya kujivunia. Hili tulizike bila matanga.

Na mama? Mama hana kesi. Moyo wa binadamu huanza kupiga kiasi cha wiki tatu baada ya mimba kutunga, na kufikia wiki ya 8 umbo lake limekwisha kujengwa. Wakati huo wanawake wengi ndio kwanza wanajishuku kuwa ni wajawazito, achilia mbali kukanyaga kliniki. Kwa hiyo lile tundu lilikuwapo miezi saba kabla mtoto hajatoka tumboni. Hayo mnayodai yalitendeka chumbani baada ya kujifungua yamelikuta tundu lina umri wake. Vyanzo vinavyofahamika vipo: rubela ikimpata mama miezi ya mwanzo ya mimba, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa, pombe, na mabadiliko ya vinasaba, maana karibu nusu ya watoto wenye hali iitwayo sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Lakini kwa walio wengi hakuna chanzo kinachoweza kuonyeshewa kidole. Takriban mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa duniani, kwa matajiri na kwa maskini, kwa wacha Mungu na kwa wasiomjua, huzaliwa na moyo wenye hitilafu. Anayetaka kupambana na chanzo badala ya kumsimanga mzazi mwenzake, ampeleke binti yake na mwanawe wakapate chanjo ya surua na rubela, inayotolewa nchini tangu mwaka 2014.

Fanya hesabu. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Mmoja katika mia maana yake ni watoto 20,000 hivi, na takriban robo yao wana hitilafu nzito zinazodai upasuaji au tiba nyingine ya moyo ndani ya mwaka wa kwanza. Hao ni watoto 5,000. Wako wapi? Wodi za moyo haziwaoni wote, wala hazikaribii kuwaona wote. Wengi wao wako makaburini, na kwenye vinywa vya majirani sababu ya kifo ni degedege, ni nimonia, ni kubemendwa, ni kazi ya Mungu.

Kuna kundi la pili, ambalo hitilafu yake inapunguza damu inayofika kwenye mapafu. Maarufu zaidi ni ile inayobeba jina la daktari Mfaransa, Fallot, aliyeieleza mwaka 1888: hitilafu nne zilizokaa kwenye moyo mmoja. Vitabu vya udaktari vinasema watoto hawa huwa wa bluu, na vimesema hivyo vikitazama mashavu ya watoto wa Ulaya. Kwenye ngozi yetu nyeusi bluu haikai shavuni. Mfungue mtoto kinywa, tazama ulimi na ufizi mahali penye mwanga. Tazama kucha. Akikua kidogo, ncha za vidole huvimba zikawa duara. Na akicheza na wenzake, ghafla huacha mchezo akachuchumaa.

Kule kuchuchumaa ni akili ya mwili. Miguu ikikunjwa, mishipa yake hubanwa, na damu zaidi husukumwa kuelekea mapafuni, mtoto akapata nafuu. Shuleni kwetu mtoto huyo anachuchumaa katikati ya mchakamchaka, na mwalimu wa zamu anamwita mvivu. Anachapwa kwa kosa la kujiokoa! Mwalimu unayesoma haya, mtoto anayechuchumaa wakati wenzake wanakimbia usimnyanyue kwa fimbo. Mwache apumzike, ita mzazi wake, mwambie ampeleke hospitali yenye kipimo cha eko. Na mzazi ambaye mtoto wake mchanga analia hadi midomo inakuwa myeusi na pumzi zinamwishia: mlaze chali au mkumbatie, mkunje magoti yaguse kifua, mtulize kwa sauti ya chini, na uwe njiani kwenda hospitali.

Sasa niseme kuhusu kifaa kimoja ambacho kila mtu alikifahamu wakati wa UVIKO-19: kile cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni kwenye damu kwa mwanga. Marekani iliingiza kipimo hicho kwenye orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011. Mtoto akifikisha saa 24, kinafungwa kwenye mkono wa kulia na kwenye mguu. Asilimia 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, mtoto aende nyumbani. Chini ya 90, hatoki mpaka daktari amwone. Katikati ya hapo, kipimo kinarudiwa baada ya saa moja. Hakichomi, hakitoi damu, kinachukua dakika chache, na umeme wake ni wa betri. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wabaki kituoni walau saa 24 baada ya kujifungua, kwa hiyo mtoto anapaswa kuwa bado yupo. Kwa nini basi anatoka wodi ya wazazi bila kupimwa?

Sitakisifu kifaa kuliko kinavyostahili. Lile tundu kubwa la ukuta wa chini, nililoanza nalo, kinalipita bila kuliona, kwa sababu mtoto yule oksijeni anayo. Huyo ataokolewa na mizani, na macho, na swali la jasho. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe, kwa hiyo mkunga asiache kutazama ulimi kwa sababu tu namba ni nzuri. Na kwenye nyanda za juu, Njombe, Makete, hewa ni nyepesi na viwango lazima wataalamu wetu wavipime upya kwa watoto wa huko. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha kutopima kabisa. Wapo watoto ambao uhai wao wote umeshikwa na mshipa mmoja mdogo unaojifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Mshipa huo ukijifunga mtoto akiwa wodini na ameshagunduliwa, kuna dawa ya kuufungua wakati anatafutiwa bingwa. Ukijifunga akiwa kijijini, usiku, barabara imekatika, mama anaamka na maiti.

Kisingizio cha kwamba hatuna mabingwa kimekwisha muda wake. Upasuaji wa kurefusha maisha ya watoto wa bluu ulianza Baltimore, Marekani, tarehe 29 Novemba 1944, kwa wazo la Helen Taussig, daktari aliyepoteza usikivu wake na kujifunza kuisoma mioyo ya watoto kwa vidole, kwa kisu cha Alfred Blalock, na kwa mbinu zilizojaribiwa na Vivien Thomas, fundi mweusi wa maabara ambaye hakuwahi kusomea udaktari. Hiyo ni zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kwetu, kwa miaka mingi jibu lilikuwa India, kwa wachache waliobahatika. Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikafunguliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, palepale Upanga, Dar es Salaam. Madaktari wetu wanafungua vifua vya watoto, wanaziba matundu, na kwa hitilafu nyingine hawafungui kifua kabisa, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja. Wanaufuata ugonjwa hadi mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Kwa hao nina heshima isiyo na masharti.

Ila hata bingwa hafufui muda uliokufa. Mafuriko yale yakiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, shinikizo linapanda, mpaka damu inageuza njia na kuanza kupita kwenye tundu kutoka kulia kwenda kushoto. Daktari wa Austria, Eisenmenger, aliieleza hali hiyo mwaka 1897. Mtoto akifika hapo, kuziba tundu ni kumuua, kwa sababu tundu ndilo limekuwa pumuo la moyo wake. Tundu kubwa linalopaswa kuzibwa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja linaletwa akiwa darasa la tano, baba ameuza ng'ombe, ukoo umechanga, na jibu ni kwamba amechelewa. Nani amemchelewesha? Aliyesema amebemendwa. Aliyeandika nimonia mara nne. Aliyemwambia mama hajui kulisha. Na serikali iliyojenga taasisi kubwa Upanga bila kuweka kipimo cha kidoleni kwenye kila wodi ya wazazi.

Kuhusu fedha sitarefusha, lakini sitanyamaza. Toto Afya Kadi ilimwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa maelezo kwamba wazazi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Mtoto mwenye hitilafu ya moyo ameugua kabla ya kuzaliwa! Mlitaka mama yake amwandikishe lini? Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote, na mimi naidai kwa herufi zake: mtoto aandikishwe bima akiwa bado wodini, jina lake likiwa halijakauka kwenye daftari la mkunga. Sitaki tena kuona picha ya mtoto mwenye mirija puani ikizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na namba ya kuchangia chini yake. Ninachangia kila inaponifikia, na kila mara nawaza watoto ambao picha zao hazikusambaa.

Neno kwa familia ambazo mtoto wao ametibiwa akapona. Upasuaji haufungi faili. Moyo uliofanyiwa marekebisho unahitaji kutazamwa maisha yote, meno yatunzwe kwa sababu vijidudu vya jino bovu hupenda kujenga kwenye moyo uliorekebishwa, na kila daktari wa meno aambiwe historia kabla ya kung'oa. Binti mwenye kovu la kifuani akikua, mnamfundisha kulificha asije akakosa mchumba. Mnamwozesha kwa siri, anashika mimba kwa siri, na mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Moyo wake unaweza kushindwa katika miezi ya mwisho, mbele ya mkunga asiyejua lolote, na kama ana vali ya chuma anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwambieni mkwe ukweli. Akikimbia, mmeokoa binti.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Mpigie mbunge wako kabla Wizara ya Afya haijasimama kuomba fedha. Amuulize waziri ni wodi ngapi za wazazi jimboni kwenu zina kipimo cha oksijeni cha mtoto mchanga kinachofanya kazi, si kilichofungiwa kabatini. Amuulize ni lini swali la jasho na pumzi litaingia kwenye kadi ya kliniki, pembeni ya chanjo ya wiki ya 6, na kisanduku cha kutiwa alama. Amuulize hospitali ya mkoa wenu ina mtu anayejua kupima eko ya mtoto, na kama hayupo, anakwenda kusomeshwa tarehe gani. Akijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, asikae. Aulize tena tarehe.